Uzi maalumu: Amri ya matunzo ya mtoto pale mzazi anayedaiwa anapokuwa nchi nyingine

#1 — Karani Mstaafu

Ndugu wanajukwaa, lipo swali linalorudi kila mara katika nyuzi za sheria za familia. Mzazi ameshinda shauri na ana amri ya mahakama inayomtaka mwenzake atoe kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya mtoto, lakini mwenzake amehamia nchi nyingine na fedha zimekoma. Majibu huwa ya aina mbili, na yote mawili hayasaidii: wapo wanaosema amri hiyo ni karatasi tupu nje ya nchi ilikotolewa, na wapo wanaosema ipelekwe tu ubalozini. Nimeona nieleze utaratibu ulivyo, kisha tujadiliane. Nitangulize msimamo wangu ili anayeupinga ajiandae mapema: mashauri mengi ya matunzo yanayovuka mipaka huharibikia katika mahakama ileile iliyotoa amri, kabla jalada halijaondoka nchini, kwa sababu amri huandikwa kana kwamba mdaiwa ataishi jirani na mahakama maisha yake yote.

Msingi wa jambo ni kwamba mahakama ya nchi moja haina mamlaka katika nchi nyingine. Haiwezi kumwagiza mwajiri wa huko akate mshahara, wala benki ya huko izuie akaunti. Ili amri ifanye kazi ugenini, ni lazima vyombo vya huko viitambue na kuikaza kwa sheria zao wenyewe. Ubalozi si chombo cha kukazia hukumu, na anayeupelekea nakala ya amri akitarajia fedha atasubiri sana.

Serikali zimelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Tarehe 20 Juni 1956 ulipitishwa New York, chini ya Umoja wa Mataifa, mkataba wa kusaidia kudai matunzo nje ya nchi, ulioanza kutumika mwaka 1957. Mkataba huo ulianzisha utaratibu wa ofisi mbili: ofisi ya kutuma maombi katika nchi anakoishi mdai, na ofisi ya kupokea katika nchi aliko mdaiwa, ambayo humwakilisha mdai huko. Udhaifu wake ni kwamba haukusema lolote la maana kuhusu sharti la kuitambua hukumu yenyewe. Ulisafirisha maombi tu, na kila nchi ikabaki na sheria zake. Hata hivyo bado una kazi, kwa kuwa baadhi ya nchi zilizomo, kama vile Morocco, Tunisia, Algeria, Niger na Burkina Faso, huunganishwa nao na nchi ambazo hazina makubaliano mengine nazo.

Mkataba wenye meno zaidi ni ule wa The Hague wa tarehe 23 Novemba 2007, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Kila nchi mwanachama huteua Mamlaka Kuu, yaani ofisi ya serikali inayopokea na kutuma maombi. Mdai hamwendei wakili wa nchi ya mbali. Anakwenda kwenye Mamlaka Kuu ya nchi anakoishi yeye, nayo huwasiliana na mwenzake wa upande wa pili. Kazi za mamlaka hizi zimetajwa waziwazi: kusaidia kumtafuta mdaiwa, kusaidia kupata taarifa za kipato na mali yake, kuhimiza malipo ya hiari, kusaidia kuthibitisha uzazi pale inapobidi, na kuanzisha hatua za kukazia amri. Ofisi inayopokea maombi inatakiwa kukiri kuyapokea ndani ya wiki 6, na ndani ya miezi 3 baada ya kukiri itoe taarifa ya yalikofikia. Kwa yeyote aliyewahi kuandikia ofisi ya nje na kukaa mwaka mzima bila jibu, sharti hilo si dogo.

Kwa matunzo ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 21, mkataba unaitaka nchi inayoombwa kutoa msaada wa kisheria bila malipo, isipokuwa maombi yasiyo ya kutambua au kukazia amri yanapokuwa hayana msingi wowote. Nchi chache zilizojitangaza mapema zinaruhusiwa kupima uwezo wa kifedha, lakini zitapima uwezo wa mtoto, si wa mzazi anayemdai mwenzake. Nchi inaweza pia kushusha umri huo hadi miaka 18 kwa kuweka angalizo, yaani tamko kwamba haifungwi na sehemu fulani ya mkataba, kwa hiyo mwenye mtoto aliye chuoni aliangalie hilo kwanza. Madai ya mtalaka au mwenza hupokelewa pia, lakini yanapokwenda peke yake, bila ya mtoto, hayapati huduma hizi za Mamlaka Kuu.

Uanachama haujaenea sawasawa. Umoja wa Ulaya umo (Denmark ikiwa kando), na pia Uingereza, Norwei, Uturuki, Ukraine, Brazili na Marekani, ambayo mkataba ulianza kutumika kwake tarehe 1 Januari 2017. Ufilipino na Botswana nazo zimejiunga. Orodha rasmi iko katika tovuti ya Mkutano wa The Hague kuhusu Sheria Binafsi ya Kimataifa, na ndiyo ukurasa wa kwanza wa kufungua kabla ya kumlipa mtu yeyote ada ya ushauri.

Ndani ya Umoja wa Ulaya mambo ni mepesi zaidi. Chini ya Kanuni Namba 4 ya mwaka 2009, inayotumika tangu tarehe 18 Juni 2011, amri ya matunzo kutoka nchi mwanachama iliyofungwa na Itifaki ya The Hague ya 2007 (inayoamua sheria ya nchi ipi itumike katika matunzo) hukaziwa katika nchi nyingine ya Umoja bila kuhitaji kwanza kutangazwa na mahakama ya huko kuwa inakazika.

Sasa nirudi kwenye msimamo wangu. Amri itakayosafiri vizuri hutaja kiasi kwa tarakimu na sarafu yake, tarehe ya kuanza, tarehe au tukio la kukoma, na namna kiasi kitakavyopanda ikiwa kitapanda. Husema wazi kwamba mdaiwa ni mzazi wa mtoto na jinsi mahakama ilivyoridhika na hilo. Hueleza mdaiwa aliitwaje shaurini, lini, na kwa ushahidi gani. Amri isemayo kwamba baba atatoa matunzo kwa kadiri ya uwezo wake, pamoja na ada za shule zitakapohitajika, inaweza kumfaa hakimu anayewafahamu wote wawili. Ofisa wa nchi nyingine hawezi kuigeuza kuwa deni.

#2 — Mama wa Wawili

Shikamoo Karani, na asante kwa maelezo. Mimi nina amri yenye kiasi na tarehe, lakini ilitolewa upande mmoja. Mwenzangu alikuwa ameshaondoka nchini, wito ukatangazwa gazetini kwa kibali cha mahakama, hakutokea, na hakimu akaendelea. Leo anaishi katika nchi ambayo ni mwanachama wa mkataba wa 2007, na ninasikia anasema hadharani kwamba hajawahi kuitwa. Je, amri yangu imekufa?

#3 — Karani Mstaafu

Marahaba mama. Haijafa, lakini umeigusa sehemu nyeti kuliko zote.

Nchi inayoombwa hairuhusiwi kulisikiliza shauri upya. Haitauliza kama kiasi kilikuwa kikubwa mno, wala kama hakimu alipima ushahidi sawasawa. Mkataba unakataza hilo katika Ibara ya 28. Sababu za kukataa utambuzi ziko katika Ibara ya 22 nazo ni chache: kupingana waziwazi na misingi mikuu ya sheria za nchi hiyo, udanganyifu katika mwenendo wa shauri, kuwapo shauri lililotangulia kati ya watu haohao juu ya jambo hilohilo, kupingana na hukumu nyingine, kukiuka mipaka ya kubadilisha amri, na hiyo ya kwako, kwamba mdaiwa hakuhudhuria wala hakuwakilishwa na hakupewa taarifa ipasavyo pamoja na nafasi ya kusikilizwa. Kwa uzoefu wangu wa kuyasoma majalada ya aina hii, hoja ya wito ndiyo inayotumiwa zaidi na wadaiwa, kwa sababu haihitaji wakili hodari. Anasema tu kwamba hakujua, na mzigo unahamia kwenye karatasi zako.

Ndiyo maana, pamoja na nakala kamili ya hukumu na hati inayothibitisha kwamba inakazika katika nchi ilikotolewa, mkataba unadai hati maalumu pale mdaiwa asipohudhuria: uthibitisho kwamba alipewa taarifa ya shauri na nafasi ya kusikilizwa, au kwamba alipewa taarifa ya hukumu na nafasi ya kuipinga. Hicho kipengele cha mwisho hakiwafai watu wote, kwa kuwa kimewekwa kwa ajili ya nchi ambazo sheria zake hazihitaji taarifa ya shauri kabla ya uamuzi.

Tangazo la gazetini linaweza kuwa halali kabisa kwa sheria za nchi iliyotoa amri na bado likatiliwa shaka kwingine, hasa ikionekana kwamba mdai alikuwa na namba ya simu au anwani ya mdaiwa wakati anaomba kibali cha tangazo. Tafuta katika jalada kila kinachoonyesha kwamba alijua: ujumbe aliojibu kuhusu shauri, barua ya wakili wake, malipo aliyowahi kutuma baada ya amri kutolewa. Na ikiwa jalada ni tupu upande huo, usiogope kumwomba hakimu wako aanze upya kwa wito uliopelekwa kwa mdaiwa mwenyewe huko aliko. Miezi utakayotumia ni michache kuliko miaka ya kupigania amri yenye ufa.

Mdaiwa akishapewa taarifa kwamba amri imesajiliwa au kutangazwa kukazika, ana siku 30 za kupinga ikiwa anaishi katika nchi hiyo, au siku 60 ikiwa anaishi kwingine. Baada ya hapo mlango wake ni mwembamba.

#4 — Hoja Kinzani

Karani, heshima kwako, lakini ninaona unawapa watu matumaini ya makaratasi. Mikataba hii ni mapambo kwa watu wengi, kwa sababu nchi nyingi sana hazimo. Ushauri wa kweli ni mmoja: nenda ukafungue shauri jipya katika nchi anakoishi mdaiwa. Mahakama ya huko ina mamlaka juu yake, inaujua mshahara wake, na amri yake haihitaji kutambuliwa na mtu yeyote.

#5 — Karani Mstaafu

Nusu ya hoja yako ninaikubali. Pale ambapo hakuna mkataba wala makubaliano ya nchi kwa nchi, shauri jipya kule aliko mdaiwa mara nyingi ndiyo njia pekee inayofaa, na watu hupoteza muda mwingi wakijaribu kuilazimisha amri ya zamani ipite. Hata mkataba wa 2007 unaijua njia hiyo: mdai asiye na amri anaweza kuomba, kupitia Mamlaka Kuu yake, itolewe amri mpya katika nchi ya mdaiwa, pamoja na kuthibitisha uzazi ikibidi, na wala yeye au mtoto hawalazimiki kusafiri kwenda kuhudhuria.

Nusu ya pili siikubali, kwa sababu shauri jipya lina gharama tatu ambazo hukuzitaja. Utalipia wakili wa nchi usiyoijua. Utapoteza malimbikizo au sehemu yake, kwa kuwa mahakama mpya huweza kuhesabu matunzo tangu siku ulipofungua shauri mbele yake. Na unaweza kuzalisha amri mbili zenye viwango tofauti kwa mtoto mmoja, jambo ambalo mdaiwa mjanja atalitumia kwa furaha.

Umesahau pia njia ya kati. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zina sheria za kukaza amri za matunzo kwa misingi ya kupokezana, yaani kila nchi hukazia amri za mwenzake, ambazo chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1920, iliyofuatiwa na ile ya 1972. Kwa mdai ambaye mdaiwa wake ameshaondoka, utaratibu wake ni wa kuvutia: mahakama ya nyumbani humsikiliza mdai peke yake na kutoa amri ya muda isiyo na nguvu bado, amri hiyo pamoja na ushahidi hupelekwa katika nchi ya mdaiwa, mahakama ya huko humwita, humpa nafasi ya kuleta utetezi wowote ambao angeuleta mwanzoni, kisha huithibitisha amri, huirekebisha au huirudisha ili ushahidi zaidi uchukuliwe. Ni taratibu na inachosha, lakini hoja ya wito haina pa kusimama, kwa sababu mdaiwa ameitwa nyumbani kwake.

#6 — Msomi wa Usiku

Naomba niongeze jambo kwa wale ambao nchi zao hazina sheria hiyo wala mkataba, kwa sababu watasikia ushauri kwamba hukumu yoyote ya nje inaweza kudaiwa kama deni la kawaida. Kwa mfumo wa sheria za Kiingereza, hukumu ya nje hudaiwa hivyo ikiwa ni ya mwisho na ya kiasi kinachojulikana. Amri ya matunzo kwa asili yake hubadilika: leo kiasi kimoja, mwaka ujao kingine. Katika shauri la Harrop la mwaka 1920 mahakama ya Uingereza ilikataa kukazia amri ya matunzo kutoka Perak (leo jimbo la Malaysia) kwa sababu mahakama ya huko ilikuwa bado na uwezo wa kuibadilisha. Miaka minne baadaye, katika shauri la Beatty, malimbikizo ya amri kutoka New York yalikubaliwa, kwa kuwa sheria ya New York haikuruhusu kugeuza kiasi kilichokwisha kufikia muda wake wa kulipwa.

Maana yake kwa mdai ni kwamba, kabla ya kupeleka madai ya malimbikizo nje kwa njia hii, arudi kwanza katika mahakama yake na kuomba malimbikizo yote yajumlishwe katika hukumu moja ya kiasi kamili. Hapo anakuwa na deni lililofungwa. Matunzo ya miezi ijayo yatabaki kuhitaji amri mpya.

#7 — Karani Mstaafu

Asante sana Msomi. Nilikuwa nimeliruka hilo.

#8 — Mlipaji Mkweli

Wakuu, mimi ni upande wa pili, na ninaona uzi huu umetufanya sote tuonekane wakimbizi wa deni. Ninalipa. Nilihama kwa sababu ya kazi, kazi imekwisha, na kiasi nilichopangiwa sasa ni zaidi ya nusu ya ninachopata. Kuna mtu ameniambia nifungue maombi katika mahakama ya hapa ninapoishi nipunguziwe, kwa sababu hapa wananielewa na gharama ni ndogo. Mtoto na mama yake wako bado katika nchi iliyotoa amri.

#9 — Karani Mstaafu

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchukua hatua. Ikiwa nchi zote mbili ni wanachama wa mkataba wa 2007, aliyekushauri amekuelekeza shimoni. Ibara ya 18 inasema kwamba amri ikitolewa katika nchi mwanachama anamoishi mdai, mdaiwa hawezi kwenda nchi nyingine mwanachama kutafuta amri mpya au mabadiliko, maadamu mdai bado anaishi palepale. Zipo tofauti: pande mbili zikikubaliana kwa maandishi kuhusu mahakama nyingine, ingawa hilo halihusu madai ya matunzo ya watoto, mdai akijisalimisha mwenyewe kwa mahakama ya huko, mahakama ya kwanza ikiwa haiwezi au inakataa kulisikiliza jambo, au amri ya kwanza ikiwa haiwezi kutambuliwa kule inakofikiriwa kubadilishwa. Nje ya hizo, punguzo utakalopewa hapo ulipo linaweza kukataliwa kutambuliwa, na malimbikizo yataendelea kuhesabiwa kwa kiwango cha zamani huku wewe ukidhani umetulia.

Mkataba haukukusahau lakini. Mdaiwa naye ana haki ya kupeleka maombi ya kubadilisha amri kupitia Mamlaka Kuu ya nchi anakoishi. Peleka maombi hayo mapema, pamoja na barua ya kuachishwa kazi na uthibitisho wa kipato cha sasa, na uendelee kulipa sehemu unayoiweza kwa njia yenye kumbukumbu. Sioni kosa la mlipaji aliyeishiwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kunyamaza miezi mingi na kuomba huruma baada ya mshahara kuzuiwa.

#10 — Mama wa Wawili

Nimesoma mahali kwamba Marekani hukataa amri za nje hata baada ya kujiunga. Ni kweli? Binamu yangu yuko katika hali hiyo.

#11 — Msomi wa Usiku

Si kweli kwa ujumla wake, ila kuna jambo la msingi la kulijua. Nchi nyingi huona kwamba mahakama ya mahali anapoishi mtoto ina mamlaka ya kumtoza mzazi aliye popote. Marekani haikubali hivyo. Mwaka 1978, katika shauri la Kulko, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba California haikuwa na mamlaka ya kumtoza matunzo baba aliyekuwa akiishi New York kwa sababu tu aliridhia binti yake akaishi na mama yake California; mdaiwa lazima awe na uhusiano wa kutosha na mahali hapo. Kwa hiyo Marekani ilijiunga na mkataba ikiweka angalizo dhidi ya kutambua amri ambayo msingi wake wa pekee ni makazi ya mdai.

Angalizo hilo halimaanishi kwamba mlango umefungwa. Kwanza, ikiwa mdaiwa aliwahi kuishi na mtoto katika nchi iliyotoa amri, au aliishi humo akimtunza, au alihudhuria shauri bila kupinga mamlaka ya mahakama, amri inaweza kutambuliwa kwa msingi huo. Maelezo hayo yafaa yaandikwe ndani ya hukumu yenyewe, na hapa ninaungana na Karani. Pili, ikiwa utambuzi utashindikana kwa sababu ya angalizo na mdaiwa anaishi huko, nchi hiyo inapaswa kuchukua hatua za kumpatia mdai amri mpya. Binamu yako haanzi sifuri.

Baada ya amri kusajiliwa, nguvu za kukazia nchini humo ni kubwa. Makato hufanywa kwenye mshahara kupitia mwajiri, marejesho ya kodi huweza kuzuiwa, na mdaiwa mwenye malimbikizo yanayozidi dola 2,500 aliyeripotiwa na wakala wa jimbo hunyimwa pasipoti. Kiasi kilicho katika sarafu ya nje hugeuzwa kuwa dola kwa kiwango cha ubadilishaji kilichotangazwa hadharani.

#12 — Hoja Kinzani

Hiyo ni Marekani. Kwingine je? Mkataba unasema nini kuhusu nguvu za kukazia?

#13 — Karani Mstaafu

Unaziachia sheria za nchi inayoombwa, lakini unadai hatua ziwe na nguvu, na Ibara ya 34 inataja mifano: makato ya mshahara, kuzuia fedha za benki, makato kwenye mafao, kuuza mali, kuzuia marejesho ya kodi, kutoa taarifa kwa taasisi za mikopo, kusimamisha leseni. Baadhi ya nchi zimekwenda mbali zaidi. Australia, kwa mfano, ina utaratibu ambao msajili wa matunzo ya watoto anaweza kumzuia mdaiwa sugu asitoke nchini, bila kupitia kwanza mahakamani.

Jambo moja ambalo wadai hawalijui: ukomo wa muda wa kudai malimbikizo hupimwa kwa sheria ya nchi iliyotoa amri au ya nchi inayoombwa, yoyote ile yenye muda mrefu zaidi. Usikubali kuambiwa kwamba miaka imepita kabla hujazilinganisha sheria zote mbili.

#14 — Msomaji Kimya

Samahani kwa kuingilia. Nina dada aliyekimbia kipigo. Ana amri ya matunzo, lakini anaogopa kuomba kwa sababu fomu zinataka anwani yake na nakala zitamfikia yule bwana.

#15 — Karani Mstaafu

Pole kwake. Mwambie aseme mapema kabisa, kabla hajajaza chochote. Ibara ya 40 inakataza kufichua taarifa pale Mamlaka Kuu inapoona kwamba kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha afya, usalama au uhuru wa mtu, na ofisi ya upande wa pili inapaswa kuuzingatia uamuzi huo. Malipo yanaweza kupitishwa ofisini badala ya kwenda kwenye akaunti inayoonyesha mji anaoishi. Atengeneze pia nakala za ushahidi wa vitisho, kwa sababu ofisa hataweza kulinda asichoambiwa.

#16 — Nyaraka Kwanza

Swali langu ni la tofauti kidogo. Mdaiwa ni mtumishi wa Umoja wa Mataifa, na kila mara huhamishwa kituo. Nchi aliyoko leo siyo aliyokuwa mwaka jana, na anasema mshahara wake una kinga.

#17 — Karani Mstaafu

Kinga ni ya shirika, na shirika limekwisha kusema halitaki kuwa maficho. Waraka wa Katibu Mkuu ST/SGB/1999/4 unahusu hasa wajibu wa watumishi kwa familia na watoto wao: mtumishi anatakiwa kuheshimu amri ya mahakama ya matunzo, na asipoiheshimu, shirika linaweza kumkata mshahara hata bila ridhaa yake baada ya kuletewa amri iliyokwisha kuwa ya mwisho pamoja na ushahidi kwamba hailipwi. Hapa mpaka wa nchi hauna uzito, kwa kuwa maombi huelekezwa kwa shirika. Shida huwa ileile ya karatasi: amri ya muda, au iliyokatiwa rufaa, haitoshi.

Akistaafu, Ibara ya 45 ya kanuni za Mfuko wa Pensheni wa Watumishi wa Umoja wa Mataifa inauruhusu mfuko kupeleka sehemu ya pensheni kwa mtalaka, au kwa mwenza aliyetengana naye, kwa amri ya mahakama inayotokana na uhusiano wa ndoa au uzazi. Lakini kama huyo bwana ni mwanadiplomasia wa serikali na si mtumishi wa shirika, hali ni tofauti: Mkataba wa Vienna wa 1961 unampa kinga dhidi ya mashauri ya madai bila kutaja matunzo ya familia miongoni mwa mambo yasiyokingwa, na hata serikali yake ikiiondoa kinga hiyo ili shauri lisikilizwe, inatakiwa kuiondoa tena kwa tamko la pekee ili hukumu ikaziwe. Huyo utamdai kupitia mahakama na mwajiri wa nchi iliyomtuma. Tuambie kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

#18 — Nyaraka Kwanza

Ni mtumishi wa shirika, na amri haijakatiwa rufaa. Nitaomba kesho masjala wanithibitishie kwa maandishi kwamba muda wa rufaa umepita.